Hasimu Husema Kwanza

Anayesimulia ugomvi wa watu wawili wasio wa kawaida hana budi kuamua jambo moja kabla hajashika kalamu: nani atangulie kuonekana, na aonekane kwa macho ya nani. Msimulizi akishatuambia kwa sauti yake mwenyewe kwamba huyu ndiye shujaa na yule ndiye adui, fumbo limekwisha na kilichobaki ni kungoja nani atapigwa. Ukizifuata hadithi za ajabu za Kiswahili, kuanzia tenzi za Pate na Lamu mpaka vitabu vya Shaaban Robert vya miaka ya 1950, utaona kwamba watunzi wetu walilikabili jambo hili kwa namna isiyobadilika sana. Shujaa huingizwa na kinywa cha hasimu wake, au cha shahidi aliyetumwa na mwenye mamlaka, na yeye mwenyewe husema baadaye, tena kwa kuulizwa. Desturi hii kwa kawaida huhesabiwa kuwa ufundi wa utunzi tu. Mimi naona asili yake ni barazani, mahali ambapo mdai hutangulia, mdaiwa hungoja zamu yake, na wasikilizaji hukaa katikati bila kujua bado wamwamini nani.

Tuanze na mahasimu mashuhuri kuliko wote wa pwani, Fumo Liyongo na yule ambaye mapokeo humwita Daudi Mringwari. Nchi yao ni ile ya mlango wa mto Tana na visiwa vilivyo kaskazini yake: Ozi, Kipini, Shanga, Pate. Wakati wao haujakubaliwa. Wako wanaomweka Liyongo karne za mwanzo kabisa za miji ya pwani na wako wanaomshusha hadi karne ya 17, na hoja za kila upande zina mashimo. Hata udugu wao una riwaya zaidi ya moja: mara ni watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali, mara ni binamu, na mzizi wa fitina ni nani arithi utawala. Tulicho nacho kwa uhakika ni maandishi. Edward Steere alichapisha hadithi ya Liyongo kwa nathari mwaka 1870 ndani ya mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Kabla ya hapo, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikwisha kutunga takhmisi juu ya shairi linalonasibishwa na Liyongo mwenyewe. Kisha ukaja utenzi unaosomwa zaidi leo, unaohusishwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu, mchongaji, mwandishi wa hati na mtunzi, na kuwekewa mwaka 1913.

Utazame utenzi huo unavyomleta Liyongo. Mtunzi anatanguliza beti chache za maumbile yake, lakini hata humo hatupewi pua wala macho wala rangi. Tunapewa kimo na upana, halafu mara moja tunahamishiwa kwa mtazamaji: amwonaye kwa ghafula hutetemeka na kukaribia kuzimia. Hiyo si sura, ni ushahidi wa athari. Kisha jukwaa linahamia Pate, kwa sultani, ambaye ndiye Mringwari wa mapokeo. Wamefika wageni, Waoromo wa bara, ambao tenzi na vitabu vya zamani huwaita kwa jina la Wagala wasilolipenda. Sultani anazungumza nao, na katika mazungumzo hayo ndiye anayewapa habari za mtu huyu wa ajabu. Wageni hawaamini na wanataka kumwona. Liyongo anaitwa kwa waraka, na safari ya siku nne anaikata kwa siku moja. Anapofika anapuliza panda mpaka inapasuka, kisha anatua mzigo wake mbele ya watu, na ndani yake mnatoka kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Wageni waliokuwa wakitilia shaka sasa wanaomba damu yake iingie katika kabila lao, naye anaozwa kwao.

Ajabu ya mpangilio huu ni kwamba sultani anayemsifu Liyongo mbele ya wageni ndiye atakayemtafutia njia baada ya njia za kumuua. Kila neno la sifa alilolitamka litarudi kumtesa. Akishaona wageni wameshangaa kiasi hicho, anaanza kuhesabu: mtu anayesifiwa hivi na majirani wenye nguvu anaweza kesho kukalia kiti cha Pate. Kwa hiyo sifa na uadui vinazaliwa katika kikao kimoja na kutoka kinywa kimoja. Msomaji wa mara ya kwanza hapati onyo lolote kutoka kwa mtunzi. Anamsikia mfalme akijivunia mtu wake, na inambidi agundue mwenyewe, pale wawindaji wanapotumwa kumlenga Liyongo akiwa juu ya mkoma, kwamba yale majivuno yalikuwa mwanzo wa mashtaka. Huyo ndiye hasimu wa kweli wa hadithi ya ajabu. Hana pembe wala macho mekundu. Ni mwenyeji mkarimu anayewahadithia wageni wake.

Na hasimu mwenyewe je? Hapa utenzi unafanya jambo la ujanja zaidi, au tuseme linalonivutia zaidi. Sultani hana umbo. Hatuambiwi ni mrefu au mfupi, kijana au mzee. Tunamjua kwa amri zake, kwa barua zake, kwa watu anaowatuma: wawindaji wa msituni, askari wa gerezani, na mwisho mtoto wa Liyongo mwenyewe, anayehongwa aulize siri ya kifo cha baba yake na kupewa sindano ya shaba ya kumchoma kitovuni. Upande mmoja pana mwili mkubwa usio na mamlaka, na upande wa pili mamlaka yasiyo na mwili. Fumbo la Liyongo ni fumbo la nguvu: itakwisha kwa nini? Fumbo la mfalme ni fumbo la nia: ataishia wapi? Mafumbo hayo mawili hayafanani, na ndiyo sababu yanaweza kukaa kitabu kimoja bila moja kulimeza jingine.

Mtu anaweza kupinga kwamba hapa natafuta ufundi mahali ambapo pana upendeleo tu. Mfalme hana sura kwa sababu mtunzi yuko upande wa Liyongo na hakuona haja ya kumpamba adui. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kungekuwa na riwaya moja tu ya kisa. Lakini tunayo ile ya Steere ya mwaka 1870, na humo mambo yameanza kinyume kabisa. Msimulizi anatueleza kwa sauti yake mwenyewe kwamba palikuwa na mtu jina lake Liyongo mjini Shanga, mwenye nguvu nyingi, na kwamba aliwaonea watu sana, mpaka wakafanya shauri la kumkamata. Hakuna mgeni, hakuna kikao, hakuna mfalme anayejigamba. Msimulizi ndiye amekuwa mdai na mwamuzi kwa pamoja. Matokeo yake yanaonekana wazi: Liyongo wa Steere ni mkorofi hodari ambaye hila zake za kutoroka zinafurahisha, lakini si mtu wa fumbo, na hana hasimu anayelingana naye kwa sababu aliye kinyume naye ni mji mzima. Mtaalamu wa fasihi simulizi Joseph Mbele amewahi kuonyesha jinsi utata wa Liyongo ulivyo mkubwa kuliko heshima tunayompa shuleni, na riwaya hizi mbili zinamuunga mkono. Mtu ni yuleyule, gereza ni lilelile. Kilichobadilika ni nani aliyefungua kesi. Kwa hiyo mtunzi wa utenzi hakusahau kumpa mfalme sura. Alimpa kitu cha thamani zaidi, yaani neno la kwanza.

Kwa nini neno la kwanza liwe na thamani hiyo? Miji ya pwani ilikuwa miji ya mashauri. Mbele ya kadhi, kanuni inayojulikana na kila aliyepita madrasa ni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana. Anayedai huanza, na akianza hujifunga, kwa maana maneno yake ndiyo yatakayopimwa. Anayekana anaweza kunyamaza mpaka aitwe. Elimu ya hadithi za Mtume nayo ilimzoesha mtu kuuliza habari imetoka kwa nani, naye kaipokea kwa nani. Watu waliolelewa hivyo hawakuona ajabu habari za mtu mkubwa zikiwafikia kupitia mkono wa pili. Wangeona ajabu zisingepitia popote. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, unazipambanisha pande mbili zisizoonana uso kwa uso kwa muda mrefu wa kisa, Mtume na mfalme Herekali wa Rumi, na kinachowakutanisha kwanza ni waraka unaobebwa na mjumbe. Vita vyenyewe vinafuata baadaye, vingi na virefu, lakini hasimu amekwisha kutambulishwa kwa maandishi.

Uhasama wa mitaa na miji uliyatia mazoea hayo makali zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi yake mengi katika miaka ambayo Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wakishindana na Lamu na baadaye na Sayyid Said, sultani wa Omani, na mashairi hayo yalikuwa na wapokeaji maalumu. Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa mmoja wa waliojibizana naye. Katika kujibizana, mshairi hana njia ya kumtupa mpinzani wake chini bila kwanza kumsimamisha juu. Mpinzani dhaifu hana faida kwa anayemshinda, na wasikilizaji wa Mombasa ambao hawajawahi kumwona Zahidi walimjua kupitia beti zilizotungwa kumpinga. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti vikaeneza mazoea hayohayo kutoka pwani hadi bara, kila upande ukiimba habari za mwenzake. Hiyo si fasihi ya ajabu, najua. Lakini masikio yaliyosikiliza beni ndiyo yaliyosomewa hadithi.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufanya kazi serikalini tangu ujana wake, aliirithi desturi hii na kuipeleka kwenye nathari. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinahusu nchi isiyo na ardhi chini yake, iliyoning'inia angani, na mahasimu wake wawili ni Majivuno na Karama. Mwandishi wa nchi kama hiyo alikuwa na kishawishi kikubwa cha kuanza kwa kutuzungusha mitaani ili tuyashangae maajabu yake. Yeye anatupeleka mahakamani. Waziri Majivuno anasimama mbele ya mfalme na baraza na kumshtaki Karama kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Karama tunamjua kwanza kama hatari: mtu anayesemwa kuwa ataiangusha nchi, naye amesimama kimya huku akitazamwa. Mshtaki ana ufasaha, na ufasaha wake ni wa kweli. Anayesoma sehemu hiyo bila haraka ataona jinsi hofu ya Majivuno inavyomkuza Karama kuliko sifa yoyote ambayo rafiki angemtolea. Mtu mmoja, bila jeshi, anatisha dola nzima kwa kufundisha! Karama anapopewa ruhusa, hajisifu hata kidogo. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, juu na chini pamoja na kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, wakarudi na elimu na wakatupwa gerezani. Mdaiwa ameigeuza kesi yake kuwa kesi ya nchi.

Hapa pana pingamizi zito kuliko lile la kwanza. Kusadikika kimesomwa kwa miaka mingi kama picha ya utawala wa kikoloni, na mahakama ya Mwingereza nayo humpa mshtaki neno la kwanza. Huenda basi Shaaban Robert hakuchukua chochote kutoka barazani, alichukua kile alichokiona kila siku katika ofisi za serikali ya Tanganyika. Sikatai kwamba aliiona mahakama hiyo, wala kwamba kitabu kina mkuki uliolengwa kwa watawala wa zama zake. Lakini angalia kinachotokea baada ya mashtaka. Hatuoni mashahidi wakiitwa na kuhojiwa kwa zamu, hatuoni mawakili, hatuoni vielelezo mezani. Tunaona mtu mmoja akisimulia hadithi siku baada ya siku mbele ya mfalme na watu waliokusanyika, na mfalme akiguswa na usimulizi mpaka anatoa hukumu. Huo ni utaratibu wa barazani, ambako mfalme ni msikilizaji na neno lililopangwa vizuri ni ushahidi. Vazi huenda ni la kikoloni. Mwendo ni wa zamani kuliko mkoloni.

Mwaka mmoja baadaye likaja jaribio lenye hila zaidi, Adili na Nduguze. Mfalme Rai wa Ughaibuni anamtuma Ikibali kwenda Janibu kufuatilia kodi ya liwali wake, Adili. Ikibali anakaribishwa vizuri na haoni kasoro. Kisha usiku anamwona mwenyeji wake akiwachapa manyani wawili mijeledi, huku moyo wake ukiwahurumia, na akiisha kuwachapa anawalisha. Anarudi na habari hiyo kwa mfalme, na Adili anaitwa yeye na wanyama wake kujieleza. Manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa maovu waliyomfanyia ndugu yao. Mahasimu wameingia jukwaani hawana hata lugha. Ndio wadaiwa, lakini macho ya Ikibali yanawaona kama wanaodhulumiwa, na mwenye haki anaonekana kama mdhalimu. Sijui mwanzo mwingine wa nathari ya Kiswahili wa zama hizo ulioupindua mzani kwa maneno machache namna hiyo.

Wasomi wataniambia kwamba kisa hiki ni cha Alf Lela Ulela, na ni kweli: humo yumo Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, anayewapiga mbwa wawili usiku, na mjumbe wa Harun al-Rashid anayeshuhudia. Shaaban Robert hakuificha sana asili hiyo. Swali ni kwa nini, katika bahari ya visa vya Alf Lela, mkono wake ulikwenda kwenye kile ambamo mahasimu wanatambulishwa na mjumbe wa mfalme na kufafanuliwa kwa maelezo mbele ya kiti chake. Mtu hukopa kinachoingia nyumbani kwake. Naye hakukopa bila kubadili. Mbwa wamekuwa manyani, wanyama walio karibu zaidi na umbo la mtu na kwa hiyo wanaoumiza zaidi kuwatazama wakichapwa, na majina yamekuwa ya sifa na kasoro zenyewe.

Majina hayo yamelaumiwa sana. Inasemekana mhusika aitwaye Hasidi hana siri ya kuficha, na kwamba mwandishi anayempa shujaa wake jina la Adili amefuta mashaka yote kabla ya ukurasa wa pili. Lawama hii inamfaa Shaaban Robert katika baadhi ya vitabu vyake, hasa pale mawaidha yanapokizidi kisa, na sitamtetea huko. Katika Adili na Nduguze haimfai. Jina ndilo linalofanya usiku wa Janibu usieleweke. Kama mchapaji angeitwa Juma, tungesema ni mtu mkatili na kuendelea. Ameitwa Adili, na mjeledi uko mkononi mwake, na sisi hatuna namna ya kuvipatanisha viwili hivyo mpaka aje aeleze mbele ya Rai. Jina limekuwa dai, na tendo limekuwa ushahidi wa kulipinga. Tena kisa hakimalizikii kwenye adhabu: mfalme anawaombea wale ndugu, na Huria anakubali kuwarudishia ubinadamu. Wadaiwa waliotambulishwa bila kinywa wanarudishiwa kinywa.

Liyongo hakupata nafasi hiyo, na kwa kweli hata Mringwari hakuipata. Katika riwaya zote nilizozitaja hapa, aliyeshinda ugomvi wa Ozi na Pate ndiye ambaye daawa yake haijawahi kusomwa mbele ya watu. Mapokeo yanayogusa suala la urithi yanadokeza kwamba huenda alikuwa na haki ya kudai, ama kwa cheo cha mama yake, ama kwa mila ya kurithi upande wa wanawake iliyokuwapo kabla sheria ya Kiislamu haijakaa sawasawa katika miji ile. Hilo si jambo dogo la kupitwa. Likichukuliwa kwa uzito, mfalme wa utenzi ni mtu anayelinda cheo alichokipata kihalali dhidi ya ndugu ambaye mwili wake pekee ni tishio, na zile sifa alizowamwagia wageni zinaweza kusomwa kama malalamiko ya mtu aliyechoka kuishi kivulini. Mwandishi wa riwaya ya ajabu anayetaka kuanza na mahasimu hawa wawili ana mdai tayari, ana wageni wa kumsikiliza, na ana panda inayopasuka langoni. Anachopaswa kukipata ni sababu ya Mringwari, na hiyo haimo katika utenzi. Itabidi atafute kwenye mapokeo ya Ozi na Kipini, ambako bado panaonyeshwa mahali panaposemwa kuwa ni kaburi la Liyongo, na ambako sijasikia la Mringwari likitajwa.